Kilo Thelathini na Mbili

Siku Nicolas Asukulu alipokamatwa na polisi, mkwewe Eugène alikuwa amelala chali chini ya mashine ya kufyeka, uso umejaa utomvu wa majani, akihangaika na bulo, ile bolti ya kisu, iliyokataa kufunguka. Trakta ilikuwa imezimwa na ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake mwenyewe. Chini ya bamba la chuma alikuwa amepanga magogo manne ya kulishikilia, maana hakuwahi kuiamini mashine iliyoinuliwa hewani kwa nguvu za mafuta tu.

Alisikia sauti ya mkewe kabla hajaiona miguu yake.

"Baba Émilienne, toka kwanza huko chini."

"Kuna nini?"

"Banamukamata baba. Banamupeleka Fizi ku buloko."

Eugène alijivuta nje kwa mgongo. Florentine alisimama juani, mtoto mgongoni, vumbi la njia limempanda mpaka magotini. Hakuwa analia. Alikuwa na uso wa mtu aliyelia njiani akamaliza.

"Kosa gani?"

"Banasema ni muvivu. Shamba yake, banasema, ilipaswa kutoa kilo mia mbili ya pamba. Ku mizani ilitoka mia moja makumi sita na munane. Banauliza ile kilo makumi tatu na mbili iko wapi. Pengine aliuza kwa bantu bengine, pengine alikuwa analala tu. Siku saba."

Eugène hakuweza kuipokea habari hiyo vizuri. Pamba ya Nicolas aliijua. Kila Jumapili baada ya misa alikwenda kuichuma pamoja na wakwe zake, vidole vikichubuliwa na maganda yake makavu. Shamba lile lilipaliliwa mara tatu. Kama kulikuwa na mtu aliyelala usingizi msimu huo, hakuwa Nicolas.

Alikwenda kuomba ruhusa ya kumfuata mzee. Bwana wa kampuni ya pamba aliketi barazani, na watu walimwita Bwana Saa kwa sababu aliwatazama wafanyakazi wake wakikimbia huku ameshika saa mkononi. Eugène alivua kofia, akasimama chini ya ngazi, akangoja mpaka yule Mzungu alipomaliza kumenya chungwa.

"Baba mukwe yako iko na miguu ya kwenda Fizi," Bwana Saa alisema. "We iko na kazi hapa. Kesho mapema mashine inaingia ku barabara."

Kisha akaanza kula chungwa lake.

*

Kunoa visu vya Kinyozi si kazi ya kukimbizwa. Kinyozi ni jina ambalo watu wa Baraka waliipa ile mashine, siku ya kwanza ilipopita kwenye matete ya kando ya barabara na kuyaacha mafupi kama nywele za mfungwa. Trakta iliivuta nyuma yake, na chini ya bamba visu viwili vizito vilizunguka kwa mbio ambazo jicho haliwezi kuzifuata. Katika wilaya nzima, mwaka huo wa hamsini na saba, hapakuwa na mtu aliyevijua visu hivyo zaidi ya Eugène.

Alivikwangua kwanza utomvu uliokauka. Halafu akavining'iniza, akavigonga kimoja kimoja kwa nyundo, akitega sikio. Cha kwanza kiliimba. Cha pili kilitoa sauti ya chungu kilichopasuka. Alikipaka mafuta ya taa, akakipangusa, na karibu na tundu la bulo akauona ufa mwembamba kama unywele.

Albert, dereva wa trakta, alikuwa amechuchumaa kivulini akila muhogo wa kuchoma. "Ile hapana kuunga?"

"Ile ikikatika mu mwendo inatoka sawa risasi. Mutu mwenye kupita ku barabara anakufa bure. Ni ya kutupa."

Alikirudia kile kizima. Aliweka mguu kwenye kanyagio, jiwe la duara likaanza kuzunguka, cheche zikaruka. Hakukilaza kisu muda mrefu. Kila baada ya pumzi chache alikichovya ndani ya ndoo ya maji, kwa sababu chuma kikishika rangi ya bluu kimekufa, na makali yake hayamalizi siku. Wala hakukitafutia makali ya wembe. Kisu cha Kinyozi hukata kwa mbio na kwa uzito, na makali membamba mno hujikunja kwenye kisiki cha kwanza. Alimalizia kwa tupa, akiufuata mteremko uleule uliowekwa kiwandani.

Ilibaki kukitafutia mwenzake. Visu hivyo lazima vilingane. Kimoja kikimzidi mwenziwe uzito, mashine yote hutetemeka kama mwenye homa, bulo hulegea, na meno yaliyomo ndani husagana mpaka yavunjike. Sanduku la visu vipya lilikuwa limefika na mashua kutoka Uvira, halijafunguliwa. Waling'oa misumari, na Albert, aliyesoma kwa Mapadri mpaka mwaka wa sita, akaichukua karatasi iliyokuwamo.

"Inasema kisu moja iko na kilo kenda. Ya zamani ikipunguka kilo moja, haifai tena. Na angalia, banaandika mupaka mu chuma."

Kweli, karibu na tundu ilikuwa imegongwa tisa, na herufi mbili za kilo.

"Basi tupime," Eugène alisema. "Tuone kama ile ya zamani inaweza kufanya kazi na hii."

Mizani ya kampuni ilining'inia katika hanga, lile banda la kuwekea pamba, kwenye miti mitatu, uso wake wa duara kama saa ya kanisa, na ndoano chini yake. Eugène alikitundika kisu kipya kwa tundu lake. Mshale ulicheza, ukatulia kwenye saba na nusu.

Alikishusha, akakitundika tena. Saba na nusu. Akatundika kile kipya cha pili. Saba na nusu.

Wakatazamana na Albert. Pembeni mwa hanga kulikuwa na mifuko ya simenti iliyoletwa kwa ajili ya sakafu mpya, imeshonwa bado, kila mmoja umeandikwa hamsini. Walibeba mmoja, huku na huku, wakautundika. Mshale ulisimama kwenye arobaini na mbili.

Hesabu ile Eugène aliijua kabla ya kuifanya. Kila hamsini, nane zinapotea. Mia mbili ni hamsini mara nne. Nane mara nne.

"Makumi tatu na mbili," alisema polepole.

"Shusha ile kitu." Jacques, kapita msimamizi wa mizani, alikuwa amesimama mlangoni. Yeye ndiye aliyesoma namba siku za soko la pamba, na karani akaandika. "Nani alikutuma kupima?"

"Kapita, angalia wewe mwenyewe. Hii ni simenti ya hamsini, haijafunguliwa. Mizani yako inasema makumi ine na mbili."

Jacques hakuuangalia uso wa mizani. Aliangalia nje, kisha akaja karibu.

"Eugène. Mi nasoma namba yenye mushale inaonyesha. Hakuna mutu alinipa kazi ya kujua mushale inatoka wapi. Niko na batoto sita."

"Na Nicolas iko na ngapi?"

Kapita aliunyanyua mfuko wa simenti peke yake, mtu mzima mwenye mvi, akaurudisha mahali pake na kuupangusa vumbi kama vile haukuguswa.

*

Mtu mwema humpa mwenzake nafasi ya kusema amekosea. Eugène alirudi barazani kwa Bwana Saa, akavua kofia, akaeleza kwa sauti ya chini kwamba mizani ina ugonjwa. Alitaja visu, akataja simenti. Pamba hakuitaja bado.

Bwana Saa alimsikiliza akiwa anaandika.

"Hapa karibu na ziwa iko joto mingi," alisema bila kuinua kichwa. "Joto inakula kilo ya chuma."

"Na simenti, Bwana?"

"Simenti pia."

"Na pamba?"

Kalamu ikasimama. Kwa mara ya kwanza tangu kuajiriwa kwake, Eugène aliona macho ya yule mtu yakimtazama usoni. Yalikuwa macho mepesi, hayana hasira wala haya.

"We ni munganga ya mizani? We ni mutu ya kunoa visu. Kwenda noa."

Jioni, katika nyumba yao ya matofali mabichi kwenye kambi ya wafanyakazi, alimsimulia Florentine yote hayo. Mkewe alikuwa anasonga bukari. Mwiko haukusimama mpaka aliposikia habari ya joto.

"Ile joto iko na akili," alisema. "Inaingia ku mizani ya kununua pamba yetu. Ile ya magazini yao, yenye banatuuzishia chumvi, inairuka."

"Nikisema mbele ya bantu, banatuondoa mu hii nyumba."

"Sikukuuliza juu ya nyumba."

Alipakua bukari, akaweka sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa ndakala, akanawa mikono. Hawakula sana. Nyumba ile Eugène aliipenda. Ilikuwa na dirisha la mbao alilolitengeneza mwenyewe, na kazi ile ilimwepusha na shamba la lazima. Alipoutazama mkono wa mkewe ukimega tonge na kulirudisha sahanini, akajiona mtu mdogo kwa kuwa alikuwa bado anapiga mahesabu.

*

Asubuhi ya pili walikuwa kwenye barabara ya Fizi, Albert kwenye usukani na Eugène amekaa kwenye bamba la gurudumu, tupa na spana ndani ya mfuko. Kinyozi, na visu vyake vipya, ilipita bila kutetemeka. Walipokaribia daraja la Mutambala waliwakuta wafungwa kumi na wawili wakifyeka kando ya barabara kwa mkono, askari mmoja akiwachunga. Nicolas alikuwa wa tatu.

Alikuwa amevalishwa shati la mistari lililomfika magotini. Panga lake halikuwa na makali kabisa. Alilipiga kwenye nyasi nazo zikainama, zikainuka tena. Nyuma yake Kinyozi ilikuwa inakuja, ikifyeka kwa dakika moja kipande ambacho yeye angekifyeka mpaka jua kuzama. Hakuna aliyewapa wafungwa wale kazi ile kwa sababu nyasi zilihitaji kufyekwa. Walipewa ili waonekane.

Eugène alimgusa Albert begani. Trakta ikazimwa.

Mkwe hamkazii macho baba wa mkewe. Eugène alimwendea ameugeuza uso upande wa mto, akanyoosha mkono, na mzee, naye akitazama pengine, akamkabidhi panga. Eugène alipiga goti, akaliegemeza kwenye jiwe, akaanza kulinoa kwa tupa.

"Ni marufuku kusema na bafungwa," askari alisema.

"Sisemi, afande. Nanoa."

Albert alikwenda kumpa askari sigara, akasimama mahali pa kumziba.

"Mwana," Nicolas alisema kwa sauti ya chini, "sikuuza pamba kwa mutu."

"Najua, baba. Najua mupaka kilo."

"Baliniuliza mbele ya bantu bote kama nilikuwa nalala. Batoto ya jirani banasikia. Nikasema hapana. Banacheka."

Tupa ilikwenda upande mmoja mara nane, na upande wa pili mara nane. Eugène alilijaribu panga kwenye unyasi mmoja, ukaanguka bila sauti. Akalirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa mahari. Alipokuwa anapanda trakta, alijua kwamba hesabu ya nyumba na dirisha lake ilikuwa imekwisha.

*

Soko la pamba liliangukia siku ya tano ya kifungo. Watu walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri, vikapu na mifuko miguuni. Bwana Shamba wa Leta, yaani wa Serikali, alikuwa amekuja kutoka Fizi kusimamia, ameketi mezani mbele ya daftari, Bwana Saa kando yake. Jacques alisimama kwenye mizani.

Eugène alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika, alifungua gunia, akatoa visu viwili vya Kinyozi, alivyovifungua na kuvifuta kabla ya jua kutoka.

"Hii hapana pamba," Bwana Saa alisema.

"Ndiyo, Bwana. Ni visu ya mashine." Alimgeukia yule wa Leta. "Bwana Shamba alisema tufyeke hektari kumi na mbili mbele ya mvua. Visu isipokuwa na kilo sawasawa, mashine inavunjika. Naomba kapita aisome kwa sauti."

Bwana Shamba alizipenda hektari zake. Akatikisa kichwa kukubali.

Eugène alikitundika kisu. Mshale ukatulia. Jacques aliangalia mezani, akaangalia foleni.

"Saba na nusu," alisema Jacques.

"Rudilia, kapita, ba nyuma basikie."

"Saba na nusu."

Eugène alikishusha kisu, akakibeba mpaka mezani, akakilaza juu ya daftari, maandishi juu. Kando yake akaweka karatasi ya kiwanda. Bwana Shamba aliisoma, akapitisha kidole kwenye ile tisa iliyogongwa ndani ya chuma, akapitisha tena. Bwana Saa alianza kusema kwa Kifaransa, haraka haraka, na shingo yake ikawa nyekundu.

"Iko simenti pembeni ya hanga," Eugène alisema. "Haijafunguliwa. Bwana anaweza kupima."

Ilipimwa. Arobaini na mbili.

Kila mtu kwenye foleni alikuwa anahesabu yake: kikapu cha juzi, gunia la mwezi uliopita, ng'ombe aliyeuzwa kulipa kodi. Mama mmoja mzee aliuliza, "Na mwaka jana?" Akaanza kuhesabu kwa vidole.

Bwana Shamba alilifunga daftari. Alisema springi ya mizani imechoka. Ni kosa la mashine, si la mtu. Soko limefungwa leo, mizani nyingine italetwa kutoka Fizi. Pamba iliyokwisha kununuliwa imekwisha kununuliwa.

"Na Nicolas Asukulu?" Eugène aliuliza. "Bwana, ile kilo yenye alifungiwa iko hapa."

"Hukumu ilishaandikwa." Yule wa Leta alikuwa anakusanya karatasi zake. "Anabakisha siku ngapi?"

"Mbili."

"Basi. Siku mbili hapana mingi."

*

Barua ya kufukuzwa ilimkuta Eugène kabla ya jua kuzama. Ilisema ameondoa mali ya kampuni mahali pake bila ruhusa. Mapema asubuhi iliyofuata walitoa vyombo vyao kambini, wakahamia kwa Marthe, mamake Florentine, na Nicolas akawakuta huko alipotoka buloko. Mzee alikaa siku tatu akitengeneza mpini wa jembe ambao haukuwa umevunjika.

Wiki hiyohiyo mpima mashamba alikuja na kamba, akampimia Eugène kipande chake cha pamba. Asiye mfanyakazi wa kampuni ni mkulima, alieleza. Hiyo ndiyo sheria. Albert alipita akasema mtu mpya amewekwa kunoa, tena hatumii maji, na visu vimegeuka bluu vyote viwili.

Mizani nyingine ilifika. Ilikuwa na uso wa duara na ndoano, sawa na ya kwanza.

"Hii ni nzima?" Marthe aliuliza.

"Nani anajua," Eugène alisema. "Sina visu tena."

Florentine alikuwa ananyonyesha. Alimtazama mtoto muda mrefu.

"Ku dispansari ya Misioni," alisema, "Masoeri banapima batoto kila siku ya ine. Ile mizani hakuna mutu anafaidika nayo."

Alhamisi akina mama wa vijiji vitatu walikwenda kupimisha watoto. Kila mmoja, mtoto wake alipopimwa, alitoa jiwe kwenye kitenge akaliweka mahali pa mtoto. Soeri, mtawa aliyekuwa akipima, alitulia kwa jiwe la kwanza, akalitazama, akamtazama Florentine. Halafu akasoma uzito wake, na wa lile lililofuata, na wa yote, mpaka foleni ikaisha.

Siku ya soko Florentine alikuwa wa kwanza, na kikapu cha pamba ya mwisho iliyochelewa kupasuka. Nyuma yake walisimama baba yake, mumewe, na watu wasiopungua sitini. Bwana Saa alitazama miguu yao, akaona mawe, kila moja limetiwa alama ya mkaa ya uzito wake.

"Hii ni nini?"

"Jiwe, Bwana," Florentine alisema. Alilitia kwenye kifuko, akakitundika ndoanoni, akaishika mikono yake nyuma. "Kilo ine na nusu, ku mizani ya Masoeri."

Mshale ulikuwa bado unacheza. Jacques alingoja, na watu wote wakangoja naye.

"Ine na nusu," alisema kapita, na safari hii alisema kwa sauti bila kuombwa.

Florentine alilishusha jiwe, akalisogeza kando kwa ajili ya anayefuata, kisha akakiinua kikapu.

"Sasa unaweza kupima pamba ya baba."